Wifi Yangu na Kiti cha Kapteni

Wifi yangu amekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Ameliwa na mazimwi ya sayari za mbali, amegandishwa kwenye barafu, amechomoka mlangoni mwa chombo cha anga akapotelea gizani, na safari moja alimezwa na ua. Kila akishakufa anakunywa maji ya uvuguvugu, anafuta jasho shingoni, anauliza, "Haya, nyingine?" Ndiyo kazi yake. Anaingiza sauti ya Kiswahili kwenye filamu za kigeni, hasa hizi za anga na maroketi. Mwaka wa kumi na tisa huu, na mimi niliyeolewa na kaka yake ndiye ninayemtafsiria maneno ya kufia.

Studio yetu ni chumba kimoja na nusu nyuma ya karakana ya seremala. Chumba kizima ni cha Bosi na Fundi Sauti na mashine zake. Ile nusu, iliyokatwa kwa kioo, ndiyo ya kurekodia. Kuta zake zimefunikwa magodoro ya zamani, na moja lina doa ambalo hakuna anayetaka kulizungumzia. Feni inasikika kwenye rekodi, kwa hiyo inazimwa, na mtu anatoka mle amelowa kama alikuwa anafua mablanketi. Seremala naye tumekubaliana naye: Fundi akigonga ukuta mara mbili, anaacha kupiga randa, akigonga mara moja, anaendelea. Siku akiwa amenuna anajitia hamnazo, na sisi tunakaa kumsubiri.

Waigizaji ni wawili tu. Wa kwanza ni Besi, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, mpole ajabu, ila akifungua mdomo vikombe vinatetemeka mezani. Besi ndiye wanaume wote. Wa pili ni wifi. Yeye ni wanawake wote, watoto wote na mashine zote, kwa maana huko kwa wenye filamu sijui nani aliamua kwamba meli ya angani lazima iongee kwa sauti ya kike. Basi mtaa mzima unamwita Kompyuta. Watoto wakimkuta dukani wanamwomba ahesabu kurudi nyuma, naye hana maringo, anawahesabia palepale kwenye foleni ya mkate: "Kumi. Tisa. Nane." Ikifika sifuri wote wanaruka, na muuza duka anajifanya kuingia chini ya kaunta.

Lakini hebu nikwambie wanawake wa filamu hizo wanasema nini. Mimi ndiye ninayeyaandika, nayajua. "Ni nini kile?" Hilo la kwanza. "Kuwa mwangalifu, mpenzi wangu." La pili. "Tutakufa sote!" La tatu, halafu kelele. Wengine hata hilo la pili hawalifikii. Kelele zenyewe zilizidi mpaka Fundi akaona amrahisishie dada wa watu kazi, akazihifadhi saba kwenye mashine, kila moja na jina lake: Kelele ya Zimwi, Kelele ya Mume Amekufa, Kelele ya Mende. Wifi akichelewa asubuhi, Fundi anabonyeza tu. Siku aliponionyesha nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wifi hakucheka. Aliitazama ile orodha, akasema, "Kwa hiyo mimi siku hizi ni vitufe saba."

Ndipo kampuni ya reli ilipomtafuta. Walitaka sauti ya kutangaza treni stesheni, kazi ya kudumu, yenye kiti chenye magurudumu na chumba chenye feni isiyozimwa. Aanze Jumatatu. Jibu walilitaka Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni. Mama mkwe wangu alifurahi, akaanza kuwaaga majirani kwa niaba ya binti yake. Mimi roho iliniuma. Nilimfuata wifi jikoni kwake nikamuuliza kama kweli anatuacha.

"Wifi," aliniambia huku anakung'uta sufuria, "treni angalau najua zinakokwenda. Nimechoka kuokolewa. Nipe mtu mmoja, mmoja tu, anayeamua jambo. Nikae kwenye kiti cha kapteni hata filamu moja, nikohoe watu wasimame. Nikipata hiyo, reli watafute mwingine."

"Nami nimtoe wapi? Mimi si ninaandika wanacholeta?"

"Ndiyo maana naenda reli."

Sasa ngoja nieleze tunavyofanya kazi, maana hapo ndipo nilipoharibu. Wenye filamu wanaogopa kuibiwa, kwa hiyo maneno yanatangulia, picha zinafuata siku za mwisho. Mimi napokea makaratasi matupu: nani kasema nini, basi. Natafsiri, halafu nachukua kalamu mbili. Bluu ni ya Besi, nyekundu ni ya wifi. Napita ukurasa kwa ukurasa nikipaka rangi, na wao wanarekodi kwa kufuata rangi zao. Miaka yote hiyo sikuwahi kukosea, na nilikuwa najisifu hadharani.

Filamu ya wiki ile watu wake hawakuwa na majina. Walikuwa wanaitana kwa vyeo tangu mwanzo hadi mwisho: Kapteni, Mhandisi, Daktari, Rubani. Kapteni, bluu. Mhandisi, bluu. Daktari, bluu. Muuguzi mwenye maneno mawili, nyekundu. Meli yenyewe, nyekundu. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, wala sikusita.

La, nasema uongo. Nilisita mara moja. Kapteni amebanwa mguu na chuma, Mhandisi anataka kumpa dawa ya maumivu, Kapteni anakataa. Makaratasi yalisema: "Nimejifungua mara tatu bila kupiga kelele, sembuse hiki kichuma." Nikasoma tena. Nikacheka peke yangu. Nikasema, hawa waandishi nao, wamelala kazini! Kapteni ajifungue? Nikawasahihishia, kwa wema wangu: "Nimejeruhiwa mara tatu." Nikapaka bluu, nikaenda kunywa chai.

Besi alirekodi Jumatatu na Jumanne, na haki ya Mungu sijawahi kumsikia vile. Alitoa amri mpaka seremala upande wa pili akaacha randa bila kugongewa ukuta. Lile la kujeruhiwa mara tatu alilisema taratibu, kwa kiburi, na Bosi akapiga meza. Wifi siku hizo mbili alikaa kwenye benchi barazani akimenya machungwa. Aliingia mara moja, akawa muuguzi, akasema "Tayari, Daktari," akatoka; meli yenyewe ilipangwa irekodiwe mwisho.

Jumatano mchana picha zikaja. Tukajikusanya mbele ya skrini ya Fundi kuangalia kama sauti zimekaa. Meli ikapita, nzuri kweli. Mlango ukafunguka. Akaingia mwanamke wa miaka sitini hivi, mvi zimekatwa chini kabisa, buti miguuni, kikombe mkononi. Akakaa kwenye kile kiti cha katikati. Akafungua mdomo, na ikatoka sauti ya Besi: "NANI KALALA ZAMU?"

Fundi akarudisha nyuma, akadhani amekosea faili. Mwanamke akaingia tena, akakaa tena, akanguruma tena. Halafu akatokea Mhandisi, msichana mwembamba mwenye spana, naye ni Besi. Besi akamjibu Besi. Fundi alianguka kwenye kiti, sitanii, alianguka na waya zake. Bosi alicheka huku ameshika kichwa. Mimi mwenyewe nilicheka machozi yakanitoka, mpaka nilipogeuka nikamwona wifi.

Alikuwa ameweka mkono kwenye skrini. Alikuwa anamwangalia yule mama mwenye mvi jinsi anavyokaa, anavyoweka kikombe, anavyowatazama watu kabla ya kusema. Alisema polepole, "Huyu ndiye." Nami kicheko kikanikauka.

"Tunaiacha hivi hivi," Bosi alisema alipopata pumzi. "Filamu inatakiwa Ijumaa saa kumi na mbili. Tutasema Kapteni ana mafua."

"Saa mbili nzima za mafua?" Fundi aliuliza.

"Angani baridi."

Wifi akageuka. "Bosi, nipe mimi. Leo na kesho na keshokutwa asubuhi. Namaliza."

Hapo sasa ndipo mabishano yalipoanza, na sijawahi kuona kazini kwetu watu wakibishana vile. Bosi alisema watazamaji wa filamu hizi wamezoea kapteni mwenye sauti nzito, ukiwapa nyembamba wataona wanadanganywa. Wifi akamuuliza: watu wanaokubali kwamba mtu anaweza kuongea na pweza mwenye vichwa sita, watashindwa kukubali mwanamke kutoa amri? Fundi akasema hiyo imeingia. Bosi akamwambia Fundi anyamaze, anyanyue waya zake.

"Si suala la kukubali," Besi alisema. Aliongea kwa upole, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumpinga. "Kompyuta, dada yangu, unajua nakuheshimu. Lakini amri ina uzito wake. Mimi nimeifanya kazi hii vizuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Unataka ifutwe?"

"Nyumbani kwako nani anatoa amri?"

"Usiniletee mambo ya nyumbani."

"Nauliza tu. Nimewahi kumsikia mkeo akikuita uje kula. Uliacha viatu hapa."

Tulicheka wote, Besi mwenyewe kwanza. Lakini wifi hakuwa amemaliza, alikuwa anatoa ya moyoni. "Miaka kumi na tisa," alisema, "nimekuwa mwanamke wa pekee kwenye kila meli. Wamepanda watu kumi na wawili kwenda kuokoa dunia, mwanamke mmoja, naye kavaa nguo ya kubana kwenye sayari ya barafu! Yuko pale aulize ili mwanamume aeleze. Sijawahi, hata siku moja, kuongea na mwanamke mwenzangu kwenye filamu, maana ingebidi nijijibu mwenyewe. Leo wamekuja wawili, wanaongea, wanarekebisha mtambo, hakuna anayelia. Na bado mnataka wawe wanaume?"

"Si sisi tuliotaka, kosa ni la rangi," Bosi alisema, akanionyesha kwa kidevu. "Muulize wifi yako."

Wifi akanitazama. Jamani. Heri angenitukana. "Wewe," alisema, "mwanamke mwenzangu, uliyekaa jikoni kwangu ukanisikia. Ukachukua kalamu ya bluu?"

"Imeandikwa Kapteni tu!" nilijitetea. "Ningejuaje? Mngejuaje nyie?" Na nilikuwa naona nimejitetea vizuri tu, mpaka Besi alipoingilia kunisaidia.

"Hana kosa," alisema. "Maneno yenyewe ni ya kiume. Huyu ni mtu wa vita. 'Nimejeruhiwa mara tatu bila kupiga kelele.' Hilo neno mwanamke halisemi hivyo hata kama sura ni ya mwanamke. Hapo waandishi walikuwa na mwanamume kichwani, nyie wenyewe mlisikia. Kwa neno hilo moja tu sauti yangu inatosha."

Bosi akaitikia kwa kichwa. "Hapo umemaliza. Inabaki."

Wifi mabega yakamshuka. Akachukua mkoba wake kwenye msumari, akaanza kutafuta simu, na nilijua anatafuta namba ya reli.

Ningenyamaza, ingepita. Makaratasi ya lugha ile nayasoma mimi peke yangu. Hakuna ambaye angejua, na jina langu la kutokosea lingebaki. Lakini mdomo ukaniponyoka. "Hakusema amejeruhiwa."

"Eti?"

"Kapteni. Hakusema amejeruhiwa mara tatu. Alisema amejifungua mara tatu." Nikainamisha uso. "Mimi nilibadilisha. Nilidhani wamekosea."

Upande wa pili wa ukuta randa ilisikika, shwaa, shwaa. Nilijiandaa kufukuzwa kazi na kuachwa na ukoo mzima. Wa kwanza kuongea alikuwa Besi.

"Ngoja. Lile neno nililolisema kwa kiburi vile..."

"Ndiyo."

"Mpaka nikapiga kifua..."

"Ndiyo, kaka."

"Kumbe nilikuwa naongelea uchungu wa kuzaa!" Akaketi. Tumbo likaanza kutikisika kabla ya sauti kutoka, halafu kicheko kikalipuka mpaka seremala akaja kuchungulia dirishani kuuliza kuna nini. Besi akamwambia ajifungue salama. Alipofuta machozi, alinyanyuka, akachukua makaratasi yake ya bluu mezani, akayapanga vizuri na kumkabidhi wifi kwa mikono miwili. "Chukua dada. Mimi nimeshajifungua mara tatu, inanitosha."

Bosi alirusha mikono. "Sawa! Sawa! Ila Mhandisi je? Naye ni mwanamke, na wanaongea uso kwa uso kila dakika. Besi akijijibu watu wamemzoea, lakini Kompyuta hawezi kuwa wote wawili, itakuwa kama mtu anaumwa kichwa. Mwanamke wa pili nitamtoa wapi leo Jumatano?" Akauliza huku anatutazama mmoja mmoja, na macho yake yalipofika kwangu yakakaa.

"Weee!" nilisema. "Mimi ni wa kalamu!"

"Ya bluu," alisema wifi.

Sikuwa na pa kukimbilia. Na aliyebaki bila kazi alikuwa Besi, basi akapewa meli. Wifi ndiye aliyemfundisha, mkono kiunoni: meli haikasiriki, haipumui katikati ya sentensi, na haiachi adabu hata watu wakifa. Besi alisimama mbele ya kipaza sauti, akabana sauti, akasema, "Meli italipuka baada ya dakika tatu. Asanteni." Fundi alishindwa kurekodi mara nne kwa kucheka. Besi akatoka amelowa chapachapa, akasema hakujua kumbe kazi ya meli ni ngumu hivyo, na amekuwa akiidharau miaka yote.

Mimi nilikuwa balaa. Alhamisi nzima nilisoma kama mtoto anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Niligonga kipaza sauti kwa pua, nikageuza kurasa kwa kishindo. Wifi hakunifokea. Alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti, ninavyoona mimi, ingawa pale ndani tulikuwa tumesimama wote bega kwa bega kati ya magodoro. Alishusha sauti, wala hakuinenepesha kama Besi, aliishusha tu na kuituliza, na akisema "Mhandisi" nilinyooka mgongo bila kupenda. Lile la kujifungua alilisema bila kiburi chochote, kama mtu anayetaja anwani yake. Nje ya kioo nilimwona Bosi amefungua mdomo na kusahau kuufunga.

Ijumaa saa tisa na nusu ilibaki sehemu moja. Wifi akavua visikilizio, akachukua simu, akasema anatoka kidogo. Hakuna aliyemuuliza. Kupitia mlango tuliona mgongo wake barazani, anaongea, anatikisa kichwa, anasikiliza, anaongea tena. Fundi alijifanya kufuta mashine. Mimi jasho lilikuwa linanitoka na feni inazunguka. Alikuwa amepata filamu moja aliyoitaka, lakini filamu moja si ahadi ya nyingine, na kiti cha reli kina magurudumu. Ningekuwa mimi, sijui ningesema nini.

Akarudi. Uso wake haukuniambia kitu. Akavaa visikilizio, Fundi akazima feni, akagonga ukuta mara mbili, randa ikanyamaza.

Sehemu ile ya mwisho ilikuwa fupi. Mtambo umepona, meli imetulia, Kapteni anamkuta Mhandisi amekaa chini, mikono imejaa grisi. Anamwambia, "Umefanya kazi nzuri, Mhandisi." Mhandisi anajibu, "Asante, Kapteni." Basi, mwisho. Nilikuwa nimeyatafsiri mwenyewe, herufi kwa herufi, safari hii bila kusahihisha mtu.

Wifi hakuangalia picha. Aligeuka akaniangalia mimi, na kwa ile sauti ya kutulia akasema, "Umefanya kazi nzuri, Mhandisi. Jumatatu saa mbili asubuhi. Usichelewe."

"Jumatatu?" Bosi alipiga kelele nje ya kioo. "Angani kuna Jumatatu? Haipo kwenye karatasi hiyo!"

"Usiguse," nilimsikia Fundi akimwambia. "Usiguse, inarekodi bado."

Zamu ilikuwa yangu. Nilifungua mdomo kumjibu, na badala ya "Asante" kikatoka kilio, kilio kabisa cha makamasi, nimeshika karatasi, na wifi yangu ananisubiri bila haraka, kama mtu mwenye meli yake na muda wake wote. Mwishowe nikapata neno.

"Ndiyo, Kapteni."